Neno Sugu

Ukitaka shairi la mapenzi lenye mwezi, asali na ua la waridi, usiende kwa Mama Mkasi. Nguo atakushonea, zipu atakubadilishia, lakini shairi la namna hiyo hakutungii hata umpigie magoti. Kuna bwana harusi mmoja alimwendea akitaka beti za kumsifu mchumba wake, akataja macho ya paa na shingo ya twiga. Mama Mkasi akamuuliza kwanza anaoa au anafungua bustani ya wanyama.

"Huyo mchumba wako, ana nini kinachokuudhi?"

Bwana harusi akajikuna kichwa. "Anakoroma."

"Haya, tuanzie hapo."

Beti za mkoromo zilisomwa ukumbini, na bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamchuruzika mashavuni. Tangu hapo wakweli wanamfuata Mama Mkasi, na waongo wanamkwepa. Yeye hajali. Husema mapenzi yaliyopakwa sukari huliwa na sisimizi.

Hutungia palepale kwenye cherehani yake ya miguu, chini ya dirisha la chumba cha mbele, huku sakafu nzima imejaa vipande vya vitambaa. Mizani huzihesabu kwa mguu, silabi kwa kanyagio, na silabi ikizidi mshono nao unapinda. Hutunga kwa sauti, tena si ndogo.

Mumewe ni mwashi. Huyo ukimuuliza jambo leo, jibu lisubiri wiki ijayo. Mama Mkasi anampenda kwa namna inayomkera mwenyewe, maana kuna siku anatamani kumtupia pasi, na siku hiyohiyo akichelewa kurudi hakuna kinachoshoneka.

Sasa, dada yake mwashi ana duka la kupamba kumbi, na ndiye aliyeamua kuwa ndoa ya kaka yake, iliyotimiza miaka thelathini, lazima ifanyiwe sherehe. Akampa wifi yake kazi moja tu, atunge shairi la kumsifu mume. Siku chache kabla ya sherehe akaja kulisikiliza. Aliposikia mshororo wa kwanza akashika kichwa.

"Sugu? Wifi, sugu? Jambazi sugu, mdaiwa sugu, malaria sugu. Unamsifu kaka yangu au unamshtaki?"

Mama Mkasi akamnyooshea kidole gumba cha mkono wa kulia. Pale linapokaa tundu la mkasi, ngozi imekakamaa na kung'aa. "Na hii inaitwaje?"

"Si sugu hiyo."

"Umejijibu."

"Mwite ua, wifi. Watu wataelewa."

"Maua unayo wewe dukani, tena hayanyauki, maana ni ya plastiki."

Hapo alimgusa penyewe. Wifi alibeba mkoba wake akaondoka bila kuaga, na jioni ileile akampelekea kaka yake habari: mkeo anataka kukuita sugu mbele ya watu. Habari za kidole hazikufika.

Mwashi akanyamaza. Mtu asiyemjua asingeona tofauti, lakini Mama Mkasi aliiona. Ukimya huu aliwahi kuuona. Zamani, watoto wakiwa wadogo, neno moja lilimponyoka Mama Mkasi mbele ya mafundi wenzake mwashi. Alisema kuta za mume wake zimenyooka kuliko yeye. Wakacheka wote isipokuwa mwashi. Kesho yake alifunga mkoba akahamia chumba cha uani kwa dada yake, akakaa huko karibu mwaka mzima. Watoto waliambiwa baba yuko kazini mbali. Aliporudi, hakuna aliyelizungumza, na mpaka leo halizungumzwi. Kama neno moja liliwahi kumtoa, neno jingine lingeshindwaje?

"Dada amekwambia?" alimuuliza wakati wa chai.

"Ameniambia."

"Na wewe unasemaje?"

Mwashi akatazama kikombe. "Chai imepoa."

Mama Mkasi aliogopa, na kuogopa kulimpandisha hasira. Kumwita ua kungemaliza maneno. Lakini angejua anamlaghai, na mume angejua analaghaiwa, kisha wangerudi nyumbani kulala pamoja na uongo huo. La. Sugu ingebaki. Alichokubali ni kuufuta ubeti wa mwisho tu, uliohusu mwaka ule. Alijiambia anamsitiri mume wake, ingawa alijua vizuri kwamba anajisitiri mwenyewe.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa umefurika waridi za plastiki, hata kipaza sauti kilifungwa moja. Mama Mkasi aliing'oa, akaiweka mezani, akaanza:

*Wengine waitwa ua, wewe ndiwe sugu yangu,*
*Mwanzo ulinichubua, nikalia kwa uchungu,*
*Leo chuma kikitua, hakifiki damu yangu,*
*Nani atakubandua? Abebe na ngozi yangu.*

Kwenye neno sugu meza za nyuma zilicheka. Mtu mmoja akarudia, "Kamwita sugu," na kicheko kikasambaa. Mama Mkasi hakuwangoja wanyamaze. Aliendelea na ubeti wa pili na wa tatu kwa sauti iliyopanda juu ya vicheko vyao. Mume wake hakuinua macho.

Alipotua, wifi alisimama haraka akipiga makofi. "Haya jamani, tumshukuru, twende kwenye keki."

"Kaa chini, dada," mwashi akasema. "Hajamaliza."

Vichwa vikageuka, maana wengi walikuwa hawajawahi kumsikia akisema hadharani.

"Nimemaliza," Mama Mkasi akasema.

"Hujamaliza. Kuna ubeti wa mwaka ule. Sauti yako inavuka ukuta, mke wangu, na ukuta nimejenga mimi. Nilikuwa nangoja nione kama utausema."

"Mbele ya watu?"

"Aliyehama ni mimi, si wewe. Useme."

Basi akausema. Kipaza sauti alikiacha, akamtazama mume wake peke yake:

*Mwaka ule ulihama, ngozi ikawa laini,*
*Mkasi ukaniuma, kama mgeni kazini,*
*Nikakutukana vyema, nikikungoja njiani,*
*Ukarudi, ukauma, nikasema: njoo ndani.*

Hakuna aliyecheka. Watoto wao, watu wazima sasa, walikuwa wakitazamana. Wifi alikuwa wa kwanza kuinamisha uso, kwa kuwa chumba cha uani kilikuwa chake.

Mwashi akainuka. Akapita katikati ya meza mpaka mbele, akasimama kando ya mkewe, akawageukia watu. Akawatazama meza kwa meza, bila haraka, akingoja mwenye swali.

Hakuna aliyeuliza.