Ekzosi ya Kumkomesha Bingwa

Wanawake wengine wakiachwa hulia, wengine hurudi kwao. Sindano alinunua spana.

Alikuwa fundi wa viti vya pikipiki, mwenye kibanda chake na cherehani ya kushonea ngozi, na jina la Sindano alipewa na wateja kwa sababu ya mdomo wake, wala si kwa sababu ya kazi. Mumewe alijiita Bingwa, na watu wakamwitikia hivyo hivyo kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana naye. Siku alipohama kwenda kuoa kwingine alibeba kitanda, redio, hata pazia la mlangoni. Akaacha uani kruza yake mbovu, ile pikipiki ndefu ya silinda mbili ambayo mtu huiendesha ameegemea nyuma, miguu mbele. Alikuwa ameanza kuibadilisha umbo, akaikata fremu nusu, kisha akaisahau. Bingwa alikuwa hodari sana wa kuanza.

"Hicho chuma chakavu nakuachia," alimwambia mbele ya majirani. "Mnafanana."

Neno hilo lilimkwama Sindano kooni kama mwiba wa samaki. Halikumezeka, halikutemeka. Kila jioni akishafunga kibanda aliingia uani kumalizia alichoacha yule bwana. Aliiunga fremu upya, akakishusha kiti na kukishona kwa ngozi nyeusi na uzi mwekundu, akabadilisha usukani, na injini akaifufua kwa msaada wa mjomba wake, fundi wa kuchomelea aliyesifika kwa mabomba ya moshi. Kikabaki kitu kimoja tu, ekzosi. Ile ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu hadi ikafanana na chujio la chai.

Tusidanganyane hapa. Sindano hakutaka ekzosi nzuri, alitaka ekzosi ya kisasi. Bingwa alikuwa amepanga nyumba kilimani, pale kwenye kona, na kila jioni alikaa barazani kupunga upepo. Basi akisikie hicho alichokiita chuma chakavu kikimpandia kilima kikiwa hai. Kimharibie chai, kimharibie mazungumzo, kimharibie na usingizi.

"Nataka ajute mpaka meno yamuume," alimwambia mjomba.

Mjomba alimpangia ekzosi tatu kwenye sakafu ya karakana. Moja ilikuwa ndefu, yenye sailensa nene iliyoshindiliwa sufi ya kumeza sauti. Ya pili ilikuwa na mabomba mawili yaliyokutana chini ya injini yakawa moja. Ya tatu ni mabomba mawili mafupi, yaliyokatwa mshazari, ndani hamna kitu.

"Hii ndefu ina nguvu ya kuondokea, na haitakuunguza mguu," alisema mjomba. "Hii ya pili ni nyepesi, ina mngurumo wa heshima. Hizi fupi ni kelele tupu. Kwenye mlima zitakunyima nguvu, na karabureta itabidi niirekebishe upya."

"Ipi inasikika mbali zaidi?"

"Mwanangu, mimi nakuambia habari za nguvu."

"Na mimi nakuuliza habari za mbali."

Mjomba alikuwa na utaratibu wake. Akishafunga ekzosi huiendesha pikipiki mwenyewe, na mteja husimama kando ya barabara ili apitiwe, kwa kuwa mpandaji, alisema, hasikii anachosikia anayepitiwa. Sindano akakataa katakata. Alikaa juu ya pikipiki mle mle karakanani, chini ya mabati, akavuta mafuta. Mabomba mafupi yakafoka hadi makopo ya rangi yakaanguka rafuni. Moyo ukamsuuzika.

"Hizi hizi."

"Utajuta."

"Atajuta yeye, mjomba. Funga nati."

Jioni ya kwanza alipofika kilimani pikipiki ilikosa pumzi kama alivyoambiwa, ikabidi aipandishe kwa gia ya chini huku injini ikipiga makelele ya kukata tamaa. Vizuri zaidi. Mbwa walibweka, madirisha yakafunguliwa. Barazani Bingwa alisimama wima, na kwa pembe ya jicho Sindano alimwona akishika kichwa kwa mikono miwili. Ameshika kichwa! Alicheka ndani ya kofia yake hadi kioo kikaingia ukungu.

Akarudi kesho yake, na keshokutwa, na ikawa ndiyo ratiba. Bomba lilimuunguza mguu, akalitazama lengelenge kwa furaha. Masikio yalimvuma hata mezani, na wateja wakalazimika kumwambia jambo mara mbili. Hakujali. Kila akiona uchungu wake alijiambia wa mwenzake ni mkubwa zaidi, na chakula kikapita.

Kisha asubuhi moja mke mpya wa Bingwa akaja kibandani, mtoto mchanga begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Sindano aliweka mkasi chini, akafikiri kidogo, akauchukua tena.

"Dada, sikuja kwa ugomvi."

"Ugomvi ninao mwenyewe, hukuwa na haja ya kuuleta. Sema."

"Naomba upite njia nyingine. Mtoto halali."

"Mwambie baba yake ambembeleze."

"Baba yake hana nafasi. Saa hizo anaoga."

Sindano alikunja uso. "Anaoga?"

"Anaoga, anavaa shati jeupe, anachana ndevu, anatoka barazani kukusubiri. Amewatangazia mtaa mzima kwamba bado unamtaka. Eti pikipiki yake umeitengeneza kwa mapenzi, na kila jioni unapanda kumwita. Watu wanakuja na viti vyao, dada. Akikusikia anafumba macho na kutikisa kichwa, kama anapigiwa muziki."

"Lakini siku ya kwanza alishika kichwa. Nilimwona."

"Alikuwa anaweka nywele sawa."

Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akatamani immeze Bingwa kwanza, taratibu, ikianzia miguuni. Siku zote hizo alijidhani anamkata maini, kumbe anamburudisha! Kajiunguza mguu ili mtu apate sababu ya kuchana ndevu. Aibu ilimpanda usoni, ikageuka hasira, na hasira hii ilikuwa baridi, tofauti na ile ya mwanzo.

"Na mimi ananilinganisha na wewe," mwanamke aliongeza, sauti ikimkatika. "Anasema wewe ndiye unayejua kupenda."

Sindano alimtazama, akatafuta chuki yake ya siku zote juu ya mwanamke huyu, hakuiona. Akamsogezea kiti.

"Kalale leo, mdogo wangu. Leo sipiti. Ila kesho mpigie pasi shati lake. Mwache apendeze."

Mchana huo alisimama kando ya barabara kama mteja mwenye adabu. Mjomba alipita na mabomba mawili yaliyoungana, na Sindano alimsikia tangu kwenye kona. Akakataa. Mjomba akafunga ile ndefu, akatokomea. Sindano akasubiri, akatazama mwanamke mmoja akianika nguo, akaanza hata kuwaza chakula cha jioni, mara mjomba akamsalimia ubavuni. Aliruka.

"Hii," alisema.

"Sasa unachagua kwa akili."

"Kwa roho mbaya ile ile, mjomba. Nisikudanganye."

Kesho yake jioni kruza ilipanda kilima bila kuhema. Baraza ilikuwa imejaa. Bingwa alisimama katikati, shati linametameta, macho ameyafumba, mkono sikioni.

"Nyamazeni," aliwaambia watu wake. "Ndiyo anaanza kilima."

Sindano alikuwa mbele yake, umbali wa kumwagiana maji. Alipunguza mwendo, akafunua kioo cha kofia, akamkagua kuanzia ndevu hadi viatu. Watu walimtazama yeye, wakamtazama Bingwa, wakarudi kwake. Mmoja alifungua mdomo. Mke mpya, mtoto amemlalia begani, akajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha, na yule akaufunga wake. Wengine walianza kuumana midomo, mabega yakiwatetemeka.

Sindano alipachika gia, akapita, wala hakugeuka. Na kwa kuwa ekzosi ilikuwa kimya, alimsikia vizuri kabisa huko nyuma: "Anakuja. Nawaambia anakuja!"