Chumvi Kwenye Kioo cha Nyuma

Wiki iliyopita nilibonyeza kitufe cha maji ya kioo cha nyuma, kwenye gari langu lenye umri wa kuitwa shangazi. Mota ikanguruma, zzzz, na maji hayakutoka. Mtu mwenye shahada mbili angempigia fundi simu. Mimi nilihisi chumvi ulimini.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Kariakoo, nyuma ya duka letu la vitenge, na Baba alikuwa na gari jeupe la buti refu alilolipenda kuliko alivyotaka tujue. Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kujaza kitangi kidogo kilichojificha ndani ya buti, cha maji ya kusafishia kioo cha nyuma. Amri ilikuwa moja: maji ya bomba. Bomba lilikuwa mtaa wa pili, na foleni yake haikuwa na huruma. Kisima cha jirani kilikuwa hatua kumi tu, ila maji yake yalikuwa ya chumvi, ya kufulia na kupigia deki. Mnaweza kukisia mtoto anayesifiwa darasani kwa akili alichota wapi.

Kisha Mama akapata leseni. Siku ya kwanza kupewa gari alitoka uani kwa rivasi, akaingia moja kwa moja kwenye mnara wa ndoo za plastiki za Mzee Kanti, jirani yetu muuza vyombo. Hakuna aliyeumia. Ndoo zilibingirika hadi barabarani, wapita njia wakazirudisha mojamoja, kila mmoja na ushauri wake wa udereva. Mama alisema kioo kilijaa vumbi na maji yamegoma kutoka. Baba alisema hicho ni kisingizio, akautia ufunguo mfukoni.

"Siku maji yakiruka," alisema, "ufunguo ni wako."

Alishauliza kwa wauza vipuri wa mtaa wa Gerezani, akaambiwa mota imekufa na nyingine haipatikani. Aliahidi akijua hatalipa.

Jumapili, tuliporudi kanisani, Mama alivua viatu, akafunga kanga juu ya gauni lake zuri, akafungua mlango wa buti. Baba alikaa kwenye usukani na gazeti lake, kubonyeza kitufe akiambiwa, na kuulinda ufunguo. Mzee Kanti akauliza kutoka dukani kwake kama apange ndoo au asubiri kwanza.

Baba alibonyeza kitufe. Mama akatega sikio.

"Inanguruma," alisema. "Maiti hangurumi."

Akauchomoa mpira wa maji kwenye kitundu cha kurushia maji, akamwambia Baba abonyeze. Maji yakamrukia usoni. Kumbe mota ilikuwa hai. Kilichoziba ni kile kitundu chenyewe. Akajifuta midomo kwa ncha ya kanga, taratibu, kisha akanipa mpira nivute kwa mdomo, kitangi kimwagwe.

Nilivuta. Chumvi ilinijaa mpaka puani.

"Maji ya wapi hayo, Neema?"

"Ya bomba, Mama," nikasema, machozi yakinilengalenga.

"Haya. Shika." Akanipa kile kiwaya chembamba kama unywele cha kuzibulia jiko la mafuta la pampu, ambacho watoto hatukuruhusiwa kukigusa. Kilinuka mafuta ya taa.

Tulifanya kazi mchana mzima. Gamba jeupe la chumvi lilikuwa gumu kama limekusudia. Mama alikichomoa kile kipande chenye kitundu, nikakiloweka kwenye kikombe cha maji ya moto, nikachokonoa, nikapuliza, nikaloweka tena. Kila nilipoinua uso Mama alikichukua, akakielekeza kwenye jua, akanirudishia. "Bado." Vidole vilianza kuniuma. "Bado." Hatimaye nukta ya mwanga ikatua kwenye shavu lake.

"Nenda ukachote mengine," alisema. "Ya bomba. Kama yale."

Nilipanga foleni bila kunung'unika, na nadhani hilo ndilo lililowashangaza watu wa bombani.

Baba alipobonyeza, maji yalikipita kioo kabisa, yakamwangukia Mzee Kanti aliyekuwa amesogea kushuhudia. Akavua miwani, akaipangusa na shati.

"Mpe ufunguo, bwana," alisema.

Mama alitoka kwa rivasi, polepole, huku Mzee Kanti amesimama mbele ya ndoo zake, mikono kaitanua kama golikipa. Alipita bila kugusa hata moja.

Kwa miaka mingi niliamini nilimdanganya Mama, na nilijiona mjanja. Mpaka wiki iliyopita, nilipochomoa mpira wa gari langu na maji yakanirukia mdomoni. Nikaikumbuka ile ncha ya kanga. Chumvi ilimfika yeye kabla yangu.

Baba alikuwa pale pale, upande wa pili wa gazeti. Mama angelitaja jina langu tu, ubishi ungekwisha na lawama ingemtoka. Hakulitaja. Alinipa kiwaya.