Shelfu ya Pili

Pale Kihesa, Iringa, ukitaja kabati la vyombo watu walikuwa wanakuuliza, "La Mama Filemoni?" kana kwamba mengine yote ni matenga ya nyanya. Lilikuwa la mninga, milango ya kioo, shelfu nne, na ndani yake hakuna hata kijiko kilichokaa ovyo. Evarista, ndiye Mama Filemoni mwenyewe, alivinunua vyombo vile kidogo kidogo katika miaka ishirini ya kufuata vitunguu Ruaha Mbuyuni. Kila msimu ulipoisha alirudi na vumbi kichwani na kitu kimoja kimefungwa kwenye khanga: sahani sita, bakuli lenye mfuniko, birika. Marehemu mumewe, Sosthenes, alikuwa akimtania kwamba siku nyumba ikiwaka moto litaokolewa kwanza birika, halafu mume, kama muda utaruhusu.

Walichokuwa hawajui watu ni kwamba huu ulikuwa mwaka wa tatu Evarista halioni kabati lake.

Ni presha ya macho. Daktari alimwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitaendelea kupungua. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima. La kulia lilimbakizia weupe wa dirisha na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Alitoka hospitali, akanunua nyanya njiani, akarudi nyumbani, asimwambie mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hao hawakuwa na mtoto Mbeya mwenye chumba cha ziada.

Maana Filemoni, mwanawe wa pekee, alikuwa ameshatamka siku walipomaliza matanga ya baba yake: "Mama, siku ukishindwa kukaa peke yako sitakuuliza. Nakuja na gari nakuchukua, nyumba tunapangisha." Alisema kwa upendo. Evarista aliuogopa upendo huo kuliko njaa. Alijua mzee kipofu anavyokaa kwenye nyumba ya watu, kwa sababu mama mkwe wake alipopofuka, aliyemtunza ni yeye. Alimlisha vizuri, alimwogesha, na kila asubuhi alimweka kwenye kigoda pale ukutani, akaenda na shughuli zake. Wageni wakija walimuuliza Evarista, "Bibi ameamkaje?" na bibi yuko pale pale, anawasikia. Ikawa hivyo miaka sita, hadi walipomzika. Evarista hakumtendea ubaya wowote, na hilo ndilo lililokuwa linamtisha.

Basi akalipanga kabati upya, kwa vidole. Shelfu ya juu sahani. Ya pili vikombe kumi na viwili, kila kimoja kimefunikwa juu ya kisahani chake, mikono yote imeelekea dirishani. Ya tatu bakuli la sukari, bakuli la chumvi, glasi na jagi. Ya chini masinia na birika. Vitambaa vya kutandika alivifuma mwenyewe. Kwenye kona ya kitambaa cha sukari aliacha fundo moja, kwenye cha chumvi mafundo mawili. Wanawake wa jumuiya waliyasifia mafundo yale wakidhani ni mtindo umeingia mjini, na Eveline, jirani yake, akaenda kuyaiga kwake. Chai aliimimina kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa. Watu aliwajua kwa sauti wakimsalimia "kamwene" kwa Kihehe. Aliyempita kimya barabarani hakumsalimia, mtaa ukasema anaringa tangu mwanawe anunue gari. Uvumi ule ulipomfikia alifurahi siku nzima. Bora kuringa.

Mwezi wa saba jumuiya ikapangwa kusali nyumbani kwake siku ya Alhamisi. Happy, mke wa Filemoni, akaja kutoka Mbeya Jumatano usiku ili amsaidie. Happy alikuwa mkwe mwema. Nalisema mapema, kwa sababu kisa hiki hakina mtu mbaya, nami ningefurahi kama kingekuwa naye, nikapata wa kumtukana.

Alhamisi asubuhi Evarista akashikana mkono na Eveline wakaenda misa, kama walivyozoea. Aliporudi, nyumba ilikuwa inanukia sabuni na sakafu bado mbichi.

"Mama, umeona nilivyopafanya?" Happy akamuuliza.

Maswali ya namna hiyo Evarista alikuwa na jibu lake, amelikariri kama sala. "Nimeona, mwanangu. Pamependeza kweli."

"Nilikuwa naogopa utakasirika."

"Nikasirike nini? Mungu akubariki sana."

Alidhani ni sakafu.

Saa kumi jioni jumuiya ilijaa sebuleni na masweta yao, watu kumi na wanne kwa hesabu ya vikohozi. Bartholomeo, mwenyekiti wao, akaongoza sala, wakasoma neno, wakaombea wagonjwa. Ukafika wakati wa chai. Happy akainuka, Evarista akamwambia, "Kaa, mwanangu. Wageni ni wangu." Hapo ndipo alipokuwa akijidai kila mara. Alisimama, akafungua kioo, akapeleka mkono shelfu ya pili bila kusita.

Mkono ukakuta maua ya plastiki.

Akausogeza kulia, akagusa kioo baridi cha picha. Kushoto, kitu kama kamba nyembamba, ni waya. Akashuka shelfu ya tatu akakuta sahani. Akapapasa kona ya kitambaa atafute fundo. Kitambaa kilikuwa kipya, laini, hakina fundo lolote. Angeweza kusema kizunguzungu kimemshika, angeweza kujiangusha kabisa, watu wangeelewa. Lakini kiburi ni kiburi, na aliyekaa nacho miaka mitatu hawezi kukivua kwa dakika moja.

"Happy," akaita, kwa sauti ya kugomba, "vikombe umeviweka wapi?"

"Si hivyo hapo, mama. Mbele ya macho yako."

Na kweli. Happy alikuwa amepigilia kulabu ndogo chini ya shelfu ya juu, akavitundika vikombe vyote kumi na viwili, na akazungushia taa ndogo za Krismasi zinazowaka nyekundu na kijani. Vilikuwa vinaning'inia shubiri moja kutoka puani kwa Evarista, na rangi zile zilikuwa zinampitia usoni, zinakuja zinakwenda. Watu wote walikuwa wanaviona. Mkono wa mama wa watu bado ulikuwa unatafuta chini, kwenye sahani.

"Mama," Happy akasema taratibu, "si ulisema umeona?"

Bartholomeo, funika kombe mwanaharamu apite, akaanzisha wimbo, wakamfuata wawili watatu, ukafa kwenye ubeti wa kwanza. Eveline akaanza kulia. "Mama Filemoni jamani, tangu lini?"

"Tangu lini nini?" Evarista akasema. Lakini hakugeuka, maana hakujua tena ageukie upande gani.

Jumamosi Filemoni alikuwa ameshafika. Evarista alipigana kadiri mama anavyoweza kupigana na mwanawe. "Nimekaa hivi miaka mitatu. Nimeungua mara ngapi? Nimeanguka mara ngapi? Niambie." Filemoni alikuwa analia naye. "Mama, likikupata jambo, watu watanionaje?" Mama akamwambia sijawahi kukuomba kitu tangu nikuzae, hiki kimoja tu, niache kwangu. Filemoni akasema hawezi. Na hakuweza, simlaumu. Tungekuwa sisi tungesema hivyo hivyo.

Kabati lilisafiri na lori la viazi hadi Uyole, Mbeya. Happy, ambaye tangu siku ile alikuwa hali akashiba, alimkalisha mama mkwe kwenye kiti, akamwomba amwelekeze. Wakalipanga mchana kutwa. Sahani juu. Vikombe shelfu ya pili, vimefunikwa, mikono imeelekea dirishani. Happy mwenyewe akafunga mafundo, moja la sukari, mawili ya chumvi, na akauongoza mkono wa Evarista ayaguse, ahakikishe. Yalikuwa sawasawa. Usiku ule Evarista alilala akifikiri pengine inawezekana.

Asubuhi aliamka kabla yao, akaufuata ukuta mpaka sebuleni, akalipata kabati lake, akavuta mlango. Haukufunguka. Akavuta tena, vyombo vikalia kidogo ndani.

Happy akaja mbio kutoka jikoni. "Nimefunga, mama, usije ukajikata. Funguo ninazo mimi. Ukitaka kitu wewe sema tu, nakuletea."

Akamshika bega, akamrudisha kwenye kiti. Evarista akaomba chai. Ikaja kwenye kikombe cha plastiki, imetiwa nusu, imepozwa. Akatamani kufa, akasema, "Asante, mwanangu."