Samaki Aliyemshika Ambakisye

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikijitahidi kuisahau haisahauliki. Sikuwa nimepanga kukusimulia. Lakini jana pale Matema nilikusikia. Mwenzako yuko chini kwenye mawe anakamata samaki wa mapambo, mpira wa kompresa ya hewa mdomoni, na wewe umekaa juu ya mtumbwi unasema, "Mzima huyo, si mapovu yanatoka?" Nikakaa mchangani palepale. Ulidhani ni uzee.

Nilikuwa na umri kama wako. Mimi na Ambakisye, rafiki yangu tangu utotoni hapa Mwaya, tulikwenda Mafia kuzamia majongoo bahari. Tulizamia kwa pumzi zetu tu. Wenyeji walitucheka, eti watoto wa maji baridi. Loo, tukawaonyesha! Mtu aliyekulia Nyasa umfundishe kuzamia? Tulijivuna mno, na kila mmoja alitaka mkoba wake ujae kabla ya wa mwenzake.

Siku ya tatu chazo alimng'ang'ania Ambakisye. Humjui chazo, ziwani kwetu hayupo. Ni samaki mweusi, mrefu kama mkono, na juu ya kichwa ana kitu kama soli ya ndala. Hicho ndicho anachojibandika nacho kwa papa au kasa, akabebwa bure. Huyu alijibandika kwenye shavu la mguu wa kushoto wa rafiki yangu. Nahodha wetu, Mzee Makame, alituonya, "Usimvute kwa nyuma, atazidi kung'ang'ania. Msukume mbele, ataachia mwenyewe." Ambakisye akamsukuma, akaachia. Kesho yake akarudi, mguu ule ule. Watu wakamtania kwamba amepata mke wa baharini. Mimi nilicheka kuliko wote, ila yule samaki sikumpenda. Nilijiuliza, yule aliyekuwa akimbeba kwanza yuko wapi?

Asubuhi ya siku ya tano maji yalikuwa meupe, kama maji ya kuoshea mchele. Nilimwona Ambakisye chini, ameinama nyuma ya jiwe, kichwa hakionekani. Mguu wa kushoto ulikuwa unacheza taratibu, huku na huku. Nikasema, huyo anahangaika na jongoo kwenye ufa. Nikampungia mkono, hakujibu. Mwanangu, pumzi ya kumfikia nilikuwa nayo. Nikapanda juu na mkoba wangu umejaa.

"Mwenzako?" Mzee Makame akauliza.

"Anakusanya. Nimeuona mguu wake unacheza."

"Umemgusa?"

"Nimemwona, mzee."

"Mimi nimekuuliza, umemgusa?"

Nikazama tena. Kichwa chake kilikuwa kimelala mchangani, macho wazi ndani ya miwani. Na mguu bado unacheza, taratibu, huku na huku. Chazo alikuwa anaogelea, na mguu wa maiti unamfuata.

Tulimpandisha na samaki wake. Maji yalipoishia ndipo chazo akaachia. Nilikuwa bado majini, nimeshika ubavu wa mashua, nikahisi kitu cha baridi kikijibandika pajani mwangu. Nilipiga yowe, kijana mzima mimi! Nikavuta na kuvuta, akazidi kushika, mpaka Mzee Makame alipoteremka akamsukuma mbele.

Nilirudi nyumbani kumwambia mama yake Ambakisye. Nilimkuta anamenya ndizi. Nilimweleza yote, sikuficha hata ule mkono niliopunga. Hakulia. Alimenya ndizi mbili zaidi, halafu akasema, "Kumbe samaki ndiye aliyemshika mwanangu mpaka mwisho."

Maneno hayo ninayo mpaka leo. Nikiingia ziwani maji yakafika kifuani, najipapasa paja. Najua chazo hayupo. Najipapasa tu.

Basi sikia. Mpira ukimtoka mtu mdomoni, kompresa haijui. Inaendelea kusukuma hewa na mapovu yanaendelea kupanda, mazuri kabisa, na wewe huko juu unayahesabu. Mfungeni kamba anayeshuka. Mara kwa mara vuta mara mbili, naye avute mara mbili. Asipojibu, usikae kutazama mapovu, zama ukamshike bega. Na hata huku nchi kavu ni hivyo hivyo. Ndugu akikwambia "mzima" kwenye simu na sauti yake huielewi, panda bodaboda uende ukamshike mkono.

Kamba nimekununulia, iko nyuma ya mlango. Nenda, mwanangu. Kyala, Mungu wetu, akulinde juu ya maji na chini yake, na siku utakaponyamaza huko chini, mkono wa kwanza kukufikia uwe wa mtu.