Mama Viwavi na Kipepeo Anayeringa

Kwa miaka kumi na tisa alifuga wadudu ambao kila mkulima angependa wafe. Kituo cha utafiti wa mazao kilikuwa na chumba cha joto nyuma ya stoo, na humo ndimo alimowalea viwavi wanaokula mahindi, ili wataalamu wapate wa kufanyia majaribio ya dawa. Wenzake walimwita Mama Viwavi. Mama yake mzazi, aliyewahi kumaliziwa shamba na viwavi haohao, hakucheka. "Yaani mwanangu wa kumzaa ndiye anayewanyonyesha!"

Siku moja akaja mtaalamu wa vipepeo, amekumbatia boksi kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na viwavi ishirini na wanne wa kipepeo adimu, mwenye mabawa ya kijani, ambaye porini amebaki wa kuhesabika. Aliomba nafasi tu kwenye chumba cha joto.

Siku ya nne walibaki kumi na watano.

"Dada, wanatafunana," Mama Viwavi akamwambia.

"Hapana. Hawa si kama hao wako."

"Hebu mtazame huyu, kang'atwa. Hata wangu nikiwabananisha wanakulana. Kila mmoja mpe kikombe chake."

Mtaalamu alichukua lenzi, akatazama. Kisha akakunja mikono ya koti.

"Vikombe viko wapi?"

Wiki tano walifanya kazi bega kwa bega. Nondo atokanaye na viwavi wa mahindi ana rangi ya vumbi, na watoto wake hula mahindi, mtama, mpunga, chochote. Watoto wa kipepeo walitaka majani ya mmea mmoja tu wa kutambaa. Siku majani yalipochelewa, Mama Viwavi aliwawekea mengine mabichi. Wakakaa juu yake na njaa yao.

"Huyu wako anaringa," alisema.

"Ndiyo maana anakwisha," mtaalamu akajibu.

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Viwavi wake, aliokuwa akiwaonea haya mbele za watu, hawakuwa wabaya. Walikuwa tu hawachagui.

Walitoka vipepeo kumi na watatu. Mkuu wa kituo, kwa furaha, akataka kumhamishia Mama Viwavi kwenye banda jipya la vipepeo. Akakataa.

"Umekataa banda lenye maua?" mumewe alishangaa.

"Wale wana wengi wa kuwapenda. Hawa wangu, nani atawajua?"

"Haya, kaa na wapangaji wako," mumewe akasema, akamsogezea chai.