Picha ya Ubongo wa Mamangu

Mamangu alisomesha Kurani barazani kwetu, mtaani Shika Adabu, miaka na miaka, na katika wanafunzi wake wote mimi ndiye niliyemchoka zaidi. Mtu mzima wa miaka hamsini, nina wajukuu, bado ananisahihisha matamshi mbele ya watoto wa watu, nao wanacheka. Nilirudia alivyotaka. Kusamehe sikusamehe.

Basi alipoanza kusahau majina ya watoto na kuunguza chai jikoni, nilifurahi, wallahi. Nikamvusha feri hadi hospitali ya mjini kupigwa picha ya ubongo. Nilitaka ugonjwa wenye jina.

Daktari aliniita peke yangu. "Ubongo umesinyaa kidogo," akasema, "na hizi nafasi za maji katikati zimetanuka. Ni umri tu. Hata wako umeshaanza. Mama hana maradhi." Nilimshukuru huku nimenuna.

Kwetu mtu akitoka hospitali, majirani huja kumjulia hali, na picha lazima ipite mkono kwa mkono. Nikaiinua dirishani waione. Mama mmoja, wanawe wawili wanasoma kwetu, akaniuliza, "Na huku kweusi ni nini?"

"Ndiko kulikopungua," nikamjibu. Kweli tupu. Maneno mengine ya daktari nikayakalia kimya. Mamangu alikuwa pale pale kitandani, akinitazama mdomo.

Wiki haikwisha, wazazi wakawaondoa watoto wao, chuo chake cha Kurani kikabaki na watatu. Yeye mwenyewe akaingiwa na hofu. Mwalimu wa Kurani haogopi dhambi kama ile ya kumfundisha mtoto maneno ya Mungu yakiwa na kasoro. Siku moja baada ya alasiri akanipa msahafu.

"Nasoma Yasini kwa ghaibu, bila kutazama," akasema. "Wewe nifuate kwa kidole. Nikikosa hata mara moja, nafunga chuo."

Akasoma. Nilifuata mstari kwa mstari, nikiomba hata herufi moja imponyoke. Haikumponyoka. Mwanzo hadi mwisho, kila neno mahali pake, pumzi mahali pake.

"Nimekosa?" akauliza.

"Mara mbili," nikamwambia.

Hakuuliza ni wapi. Alinishika mkono, akasema, "Mungu akulipe kheri, mwanangu. Mwingine angenificha."