Mwiritsa wa Mama Mkwe

Mwaka wa Uhuru ulinikuta nimeolewa karibu na Khayega, tena mgonjwa, tumbo halishiki chakula. Mama mkwe wangu alichukua panga akaenda mpakani mwa shamba, kwenye mwiritsa uliokuwapo tangu yeye mwenyewe akiwa bibi arusi. Ni mti mrefu, gome lake jeusi lenye nyufa. Alibandua kipande cha upana wa kiganja, kisha akapaka udongo pale alipobandua, kwa upole, kama anayemfunga mtu kidonda.

"Tunachukuanga upande mmoja tu, mwanangu," aliniambia akininywesha ile dawa chungu. "Ukiuzunguka, umeuua."

Nilipona. Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilimshukuru Mungu, halafu kwa furaha yangu nikautaja mti na mahali ulipo. Habari za upande mmoja na udongo hazikunijia hata kidogo.

Watu wakaanza kuja. Wa kwanza walipiga hodi, na mama mkwe akawabandulia mwenyewe. Waliofuata hawakupiga hodi. Asubuhi moja tuliukuta umevuliwa gome pande zote, kutoka chini hadi mkono wa mtu mrefu unapofika. Shina lilikuwa jeupe, linatoa maji. Mama mkwe alianza kulipaka udongo. Nilimchotea, nikingoja anigombeze.

"Walikuwa wagonjwa," alisema tu.

Afadhali angenitukana.

Majani yalikauka, mume wangu akaukata. Mama mkwe alinipeleka msituni, tukamwomba askari wa msitu atuache tuokote matunda ya mwiritsa yaliyoangushwa na nyani. Tulipanda mbegu siku ileile, maana zikikauka haziotangi. Ikaota miche michache, mbuzi wakatuachia mmoja. Huo niliuzungushia miiba na kuumwagilia maji kila kiangazi. Mama mkwe alifariki ukiwa unanifika begani.

Shina lilipofikia unene wa mkono wangu, alikuja mwanamke nisiyemjua, mtoto amelegea mgongoni.

"Dada, nimesikia mko na ule mti wa tumbo."

"Bado mdogo. Ukibanduliwa utakufa. Mpeleke mtoto hospitali ya Kakamega."

"Kidogo tu, dada. Kama kidole."

Nilikataa. Nilimpa mtoto uji, akatapika. Nikawasindikiza hadi barabarani nikimweleza mama yake njia ya hospitali, nikisema maneno mengi kuliko ilivyohitajika. Yeye aligeuka kuutazama mti, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaenda.

Sikupata kujua mtoto yule aliishia vipi. Niliuliza sokoni, hakuna aliyemfahamu mama yake.

Mwiritsa umekuwa mkubwa. Watu wanaopanda upya msitu huja kuniomba mbegu, wananisifu kwamba nimeokoa mti unaopotea. Nawaonyesha matunda yalipoanguka, nawaletea kikapu. Wakianza kunisifu, nashindwa kuwatazama usoni.